Waya wa Bluu na Siku Kumi na Tisa

Waya ulikuwa mmoja na mikono ilikuwa miwili.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye soko la vifaa vya umeme vilivyotumika, pale ambapo ukisimama sekunde mbili tu mtu anakupiga kiwiko na kukuomba radhi akiwa ameshafika mbele. Spika tatu zinapiga miziki mitatu. Meza zimejaa chaja, rimoti na vioo vya simu vilivyopasuka, na chini ya kila meza kuna boksi la waya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Dada mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye boksi la nne. Alikuwa bado na fulana ya kazini, ya rangi ya chungwa, kola imelegea, na nywele zimelala mstari mmoja kutoka sikio hadi sikio, alama ya hedifoni anayoivaa saa nane kwa siku. Kazini walimwita Dada Subiri, kwa sababu neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina lake. Tafadhali subiri. Umejaribu kuzima na kuwasha? Tafadhali subiri. Miaka minne anapokea simu za watu ambao intaneti yao imekata, miaka minne anawaambia fundi yuko njiani, halafu akikata simu anajiuliza: kwa nini huyo fundi nisiwe mimi?

Ndipo akauona. Waya bapa, wa bluu iliyopauka, ncha moja nene yenye skrubu mbili, ncha ya pili ndogo kama ya simu ya mezani. Akaushika, akavuta. Upande wa pili nao ukavuta.

"Samahani dada," sauti ikasema juu ya boksi. "Huu nilikuwa nimeshaushika."

"Unajua hata ni wa nini?"

"Wa konsoli. Wa kuongelea na ruta."

Hapo akainua macho. Kijana mrefu, ovaroli nyeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko, bisibisi imechomekwa mfuko wa kifuani kama kalamu ya mwalimu. Alikuwa fundi wa lifti. Kutwa nzima yuko ndani ya shimo la jengo la watu, amejikunja, mgongo unalia. Akaeleza kwamba kuna ofisi ilihama ikatupa ruta, akaiokota, ukiichomeka taa zinawaka vizuri lakini hajapata pa kuingilia. Anasoma mwenyewe kwenye simu. Anataka kazi yenye kiti.

Dada Subiri akacheka, na hakuwa amecheka tangu Jumanne. "Wewe unakitaka kiti. Mimi nimekichoka."

Muuzaji, bila kuinua macho kwenye simu yake, akawaambia waya haukatwi katikati, waelewane au wampishe. Basi wakaelewana. Wakalipa nusu kwa nusu. Jumatatu mpaka Jumatano waya ni wa dada, Alhamisi mpaka Jumamosi ni wa fundi.

"Na Jumapili?" fundi akauliza.

"Jumapili waya unapumzika."

"Na wewe unapumzika lini?"

Swali dogo tu, lakini alitembea nalo mpaka nyumbani, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili, yeye na mama yake mwenye goti baya. Sebuleni kulikuwa na shelfu ambalo zamani lilibeba vikombe vya harusi vya mama. Sasa lilibeba ruta tatu kuukuu, mbili ndogo na moja kubwa, nzito, yenye feni inayokoroma. Ile kubwa waliiita Mzee. Mama alikuwa hajazoea. Kila mgeni akija alimwambia kwamba vikombe vyake vimehamia chini ya kitanda ili mabati haya yakae kwenye heshima. Lakini kila asubuhi alikuwa anayafuta vumbi.

Ruta, kama hujui, ni mashine ya kugawa intaneti, haina kioo wala kibodi. Ukitaka kuiamrisha unapitia tundu moja tu nyuma yake, tundu la konsoli, unachomeka waya kama ule wa bluu, upande wa pili unauunganisha na laptopu, halafu unafungua kioo cheusi na kusubiri maneno yatoke. Jumatatu hiyo maneno hayakutoka. Akachomoa, akachomeka, akazima, akawasha. Kimya. Saa kumi jioni akampigia fundi wa lifti, akijiambia ni kwa ajili ya waya tu.

"Kioo cheusi," akasema. "Hakuna hata nukta."

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nitakukatia simu."

"Pole, Dada Subiri. Haya, angalia nyuma. Matundu yapo mawili yanafanana kama mapacha. Umechomeka lipi?"

Akaangalia. Akahamisha waya kwenye tundu lenye maandishi ya bluu, na maneno yakaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari, meupe. Upande wa pili fundi alisikia pumzi yake tu, akajua.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya fundi kukwama, na ya dada kuelekeza. Laptopu ya fundi ilikuwa hata haiutambui waya. Akamwambia aweke programu ndogo ya kuutambulisha, akaweka, ukakubali. Halafu akamfundisha jambo la kwanza kabisa, lile alilokuwa ameliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi na kulibandika juu ya shelfu: 9600. Ile ndiyo kasi. Ruta na laptopu lazima ziongee kwa kasi moja, na kasi ya konsoli ni tisa elfu na mia sita, imeandikwa hivyo kwenye kila kitabu. "Hii haibadiliki hata dunia ikipinduka," alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyefeli mtihani mara mbili na hataki kurudia.

Waya ukawa unakwenda na kurudi. Jumatano jioni dada alimpelekea fundi kwenye jengo lolote alilokuwa anatengeneza, na fundi alishuka na mikono iliyofutwa kwa kitambaa kichafu zaidi ya mikono yenyewe. Jumapili, siku ya waya kupumzika, alikuja nyumbani na shati jeupe lililonyooshwa vibaya upande mmoja, akamwamkia mama, shikamoo, marahaba baba, akakaa kwenye kigoda karibu na shelfu. Hakuna aliyetangaza chochote. Mama ndiye aliyeanza kumwekea kikombe chake, kimoja cha vile vya harusi, akakivuta kutoka chini ya kitanda. Dada Subiri alipokiona hicho kikombe alijua mambo yameshakuwa makubwa.

Simu zao zilikuwa za watu waliochoka. Wakati mwingine mmoja alisinzia katikati ya sentensi na mwingine akabaki anasikiliza.

"Mpenzi, upo?"

"Nipo."

"Ulikuwa unakoroma."

"Huyo ni Mzee. Feni yake."

Kazini, mtihani wa kuhamia chumba cha mafundi ulikuwa unakaribia tena. Alishafeli mara mbili, na barua ilisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akikosa, atabaki na hedifoni mpaka masikio yachakae. Kwa hiyo aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa nane mchana, akampikia mama, akakaa mbele ya shelfu mpaka herufi zikaanza kutembea kwenye kioo zenyewe. Wiki tatu alikuwa anajenga ndani ya Mzee mpangilio mzima wa mazoezi. Akakonda. Akaanza kujibu watu nyumbani kwa kusema tafadhali subiri.

Fundi akamwambia, kwa upole, Jumapili moja: "Kwa nini usipumzike mwaka huu? Unajimaliza."

"Mwaka ujao hautakuwepo. Nimekwambia ni mara ya mwisho."

"Nakuona unavyokwisha tu, kipenzi."

"Basi usiniangalie."

Fundi akanywa chai yake. Lakini neno lile lilibaki kichwani mwa dada. Kwamba alitaka apumzike.

Jumamosi iliyofuata, mama alikuwa na miadi ya kliniki ya goti. Soketi ya jikoni ilikuwa inatoa cheche, fundi akasema atakuja kuitengeneza wakiwa hawapo, akaachiwa ufunguo. Waliporudi saa tisa, soketi ilikuwa mpya, ufunguo uko chini ya mkeka kama walivyokubaliana, na waya wa bluu, ambao siku hiyo ulikuwa wa fundi, umekunjwa vizuri juu ya Mzee. Dada Subiri alitabasamu, akalala na viatu.

Jumatatu akachomeka waya. Kioo kikajaa takataka.

Si kimya, afadhali ingekuwa kimya. Zilikuwa alama zisizosomeka, vimraba, mabano, herufi za vichwa chini, zinashuka kama mtu anamwaga mchele. Akachomoa, akachomeka. Akahakikisha tundu. Akaangalia karatasi ukutani, 9600, akaangalia laptopu, 9600. Akazima Mzee, akawasha. Takataka. Mpangilio wa wiki tatu ulikuwa humo ndani na hakuweza kusoma hata neno moja.

Akaiangalia ile taa ya kijani ikipepesa, na wazo likaingia taratibu, baya, likakaa. Nani aliyekuwa hapa Jumamosi? Nani aliyemgusa Mzee? Nani aliyesema nipumzike?

Hakumpigia. Alitaka fundi ndiye apige. Mtu akiharibu kitu cha mwenzake anapiga mwenyewe, anasema samahani, nimevunja. Jumatatu hakupiga. Jumanne hakupiga. Jumatano hakumpelekea waya, ili Alhamisi aje kuuchukua mwenyewe. Dada Subiri alivaa gauni la kijani, lile zuri, ili amgombeze akiwa amependeza, akakaa sebuleni mpaka jua likazama. Hakuja mtu.

"Ameona aibu," akamwambia mama yake.

Mama alikuwa anajichua goti. "Aliyeharibu huja kuchungulia," akasema. "Huyu hata hachungulii. Mpigie mwanangu."

"Sina nguvu, mama."

Na kweli hakuwa nazo. Hasira inataka chakula na usingizi, na yeye vyote hakuwa navyo. Alibaki na kitu chepesi na kirefu kuliko hasira, kama mtu anayebeba ndoo ambayo hakumbuki ameijaza lini. Akawa anafanya mazoezi kwenye karatasi, akichora ruta kwa penseli. Mara moja alimwona fundi kwa mbali, akivuka barabara na mfuko wake wa vifaa, mabega yameshuka. Fundi naye akamwona. Wakaangaliana kama watu wanaosubiri taa ya barabarani iruhusu, kisha kila mmoja akashika njia yake. Siku kumi na tisa zikapita hivyo.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Chumba baridi, meza ndefu, ruta tatu, na mkuu wa mafundi, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akamwambia ana dakika arobaini, ruta mbili za kwanza aziunganishe, ya tatu ni mgonjwa, na ugonjwa wake hamwambii.

Mbili za kwanza mikono ilizifanya yenyewe. Akafika ya tatu. Akachomeka waya. Akabonyeza.

Kioo kikajaa takataka.

Vimraba, mabano, mchele ule ule. Mdomo ukafunguka kusema waya ni mbovu, na kabla haujasema, akaomba waya mwingine. Mkuu akampa. Akachomeka. Takataka ile ile.

Akakaa. Zimebaki dakika kumi na mbili. Waya mbili haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja siku moja, akawaza. Tena, kitu kilichokufa kinanyamaza. Hiki hakijanyamaza. Hiki kinaongea, kinaongea sana, mimi ndiye nisiyesikia.

Akaiangalia ile namba. Tisa elfu na mia sita. Haibadiliki hata dunia ikipinduka. Nani alisema? Vitabu vilisema. Lakini vitabu vinaeleza ruta inavyotoka kiwandani, havijui mtu aliyekuja baadaye alifanya nini. Akapandisha kasi ya laptopu. Takataka. Akapandisha tena. Takataka, ila nyembamba zaidi. Akapanda ya tatu, ya nne, akafika juu kabisa, laki moja na kumi na tano elfu na mia mbili, akabonyeza.

Maneno yakashuka. Meupe, yamenyooka, yanasomeka.

Mkuu wa mafundi akavua miwani ikaning'inia. "Wawili waliokutangulia wameniambia waya mbovu," akasema. "Mwezi ujao uje na viatu vya kupandia ngazi."

Ungetegemea aruke. Hakuruka. Aliomba ruhusa, akaondoka karibu anakimbia, fulana ya chungwa imeloa mgongoni. Hakumwambia mtu njiani kwamba amepita. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: mtu anapandisha kasi ya konsoli kwa sababu moja, akiwa anapitisha kitu kizito ndani ya ule waya mwembamba na hataki kimchukue siku nzima. Anapandisha, anapitisha, anamaliza, halafu anatakiwa kuishusha. Akisahau, anayekuja nyuma yake anakuta takataka.

Alifika nyumbani, hakuvua viatu. Mama alimuuliza mtihani vipi, akasema nimepita mama, subiri kidogo, na mama akabaki ameshika kifua. Akachomeka waya wa bluu. Akapandisha kasi hadi juu. Akabonyeza.

Mpangilio wake wa wiki tatu ulikuwepo, haujaguswa. Programu ndani ya Mzee ilikuwa mpya, ile ile aliyokuwa analalamika kwamba hana na mtihani unaitaka. Na juu ya yote, mahali pale ambapo ruta humkaribisha anayeingia, palikuwa na mistari ambayo hakuiandika yeye:

*Umechoka. Na mimi nimechoka. Naomba tuchoke nyumba moja. Ukikubali nipigie. Kama hapana, nyamaza tu, nitaelewa, na waya ubaki kwako kwa ajili ya mtihani.*

Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili, na safari hii akahesabu. Siku kumi na tisa alikuwa amenyamaza. Siku kumi na tisa alikuwa anamjibu mtu hapana, kila siku, bila kujua ameulizwa.

Akapiga simu. Ikaita sana. Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na mwangwi na mlio wa chuma.

"Haloo." Sauti imechoka, imejiandaa kuumia.

"Uko wapi?"

"Juu ya lifti. Ghorofa ya saba. Kuna tatizo?"

"Ulipandisha kasi ya konsoli."

"Nilikuwa nakuwekea programu mpya, kwa kasi ile ya kwanza ingekula siku nzima. Wewe si ulikuwa..." Dada Subiri alimsikia akifikiria, alisikia kabisa wazo likigeuka. "Sikuishusha."

"Hukuishusha."

"Kwa hiyo uliona nini?"

"Takataka. Nikadhani umeniulia Mzee ili nipumzike."

Kitu kikaanguka kule kwenye shimo, bisibisi labda, kikagonga chuma na kugonga tena, kikishuka ghorofa saba zote. Fundi hakukifuatilia.

"Umesoma lini?"

"Sasa hivi. Hata viatu sijavua."

"Mimi nilidhani umenijibu siku ile ile."

"Najua ulidhani nini. Ungenipigia, we mwanaume."

"Niliandika kwamba nitaelewa. Nikawa najitahidi kuelewa. Haikuwa rahisi kuelewa."

Dada Subiri akakaa sakafuni, mgongo kwenye shelfu, feni ya Mzee ikimpulizia kisogoni. Alikuwa na maneno mengi. Aliyapanga siku kumi na tisa, yote makali, na sasa hakuna hata moja lililokuwa na kazi.

"Nimepita mtihani," akasema.

"Nilijua utapita."

"Nimechoka, mpenzi. Nimechoka sana."

"Najua."

"Basi shuka huko juu, uje tuchoke hapa."

Alikuja saa kumi na moja, na ovaroli yake, na grisi hadi kwenye viwiko, bila lile shati jeupe. Mama alimfungulia. Akamwamkia, mama akaitika, halafu akamshika shavu kwa kiganja kizima, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia, na kwenda jikoni kuvuta kikombe. Dada Subiri alikuwa bado sakafuni, laptopu mapajani. Alikuwa ameshaishusha kasi ya Mzee, imerudi pale ilipoandikwa ukutani. Akamwonyesha fundi aingie mwenyewe, achomeke, asome.

Fundi akachuchumaa, akachomeka. Maneno yake yakatokea, yote, hakuna lililofutwa. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mpya: *Nimekubali. Ila usiguse kitu humu bila kuniambia.*

Akaurudia kuusoma polepole, midomo ikicheza. Akamwambia hataki kumwona akijimaliza tena. Akaambiwa sawa. Akaambiwa na yeye atafute kiti, mgongo wake nao unalia, na akasema kesho ataanza kuuliza. Walipanga kuongea na wajomba wa pande zote mbili, walipanga chumba, walipanga shelfu moja au mawili, na ilikuwa katikati ya shelfu ndipo dada akaacha kujibu. Kichwa kilikuwa kimeangukia bega lenye grisi. Fundi akasema kipenzi, upo? Akasubiri jibu, na wakati anasubiri na yeye akachukuliwa na usingizi.

Mama alirudi na sinia la chai akawakuta hivyo. Akaliweka chini. Akaitoa laptopu mapajani mwa binti yake, akaisogeza karibu na macho, akasoma mstari wa juu na mstari wa chini, kidole kikifuata neno kwa neno. Kisha akaifunga, akaleta shuka, akawafunika wote wawili na viatu vyao, na akanywa chai yake peke yake karibu na Mzee, ambaye alikuwa anakoroma, taa yake ya kijani ikipepesa.